Kisu kimoja cha kambini na cha kuchongea: unene gani, chuma gani, ala ipi?

SkautiLushoto (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua visu vya kazi za mti.

Tuna kikundi cha vijana wa skauti, miaka 14 hadi 18, na kambi zetu nyingi ziko huku Usambara. Asubuhi ukungu, mvua wakati wowote, kuni mara nyingi zimelowa. Kazi za kisu ni kuchonga vigingi vya hema, kutoa maranda ya kuwashia moto, kupasua vijikuni visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, kuandaa chakula, na jioni vijana wanajifunza kuchonga miko na vijiko. Panga na shoka dogo tunavyo, kwa hiyo kisu hakitaangusha mti.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni Mora Companion ya Uswidi, ubapa kama sm 10, unene mm 2.5, mpini wa plastiki na raba. Ya pili ni kisu kikubwa nilichokiona dukani, unene mm 6, ubapa inchi 7, chuma kimepita mpini wote, kimepakwa rangi nyeusi. Ya tatu ni mhunzi anayefua kwa springi za gari, yuko tayari kufuata vipimo nitakavyompa.

Bajeti ni laki na nusu kwa kisu kimoja, tunaanza na viwili. Unene gani unafaa? Stenlesi au chuma cha kaboni? Na hiki cha plastiki ambacho chuma hakifiki mwisho wa mpini, hakitavunjika mikononi mwa vijana?

---

Seremala wa Mninga

Mkuu, weka kando kwanza jina la chuma na urefu wa inchi. Kisu kinakata mti vizuri au vibaya kutokana na unene wa chuma nyuma ya makali, pamoja na pembe ya makali yenyewe. Hicho cha mm 6 kitawasumbua karibu katika kila kazi uliyoitaja. Makali yakishaingia kidogo, mabega ya ubapa yanaanza kuutanua mti, kwa hiyo unapasua badala ya kukata. Maranda yanakatika mafupi na manene, kigingi kinachanika kwenye pengo la kamba, na kwenye shingo ya kijiko ubapa mpana haugeuki. Ukija kwenye chakula, karoti inapasuka kabla haijakatwa.

Chukua mm 2.5 hadi 3.2 za unene, sm 9 hadi 11 za ubapa, upana wa sm 2 hadi 2.5. Urefu huo una sababu. Nguvu ya mkono iko kwenye sm tatu au nne za kwanza karibu na mpini, na hapo ndipo kazi nzito ya kuchonga inafanyika. Ncha ikiwa mbali, kijana anayetoboa au kuchora pengo dogo haitawali. Upana mdogo nao unasaidia ubapa kupita kwenye mkunjo bila mgongo kugusa mti.

Visu vya Uswidi na Ufini vya aina hii vina mteremko mmoja tu kila upande, unaoanzia kwenye bapa na kwenda moja kwa moja hadi kwenye makali. Wanaovitumia wanauita skandi. Mteremko huo unalala juu ya mti kama jino la randa, ndiyo maana hata anayeanza anaweza kutoa maranda marefu: analaza mteremko, anainua mgongo kidogo sana, anasukuma.

Ukiwa dukani na rula unaweza kuipima pembe. Kwa pembe ya jumla (pande zote mbili pamoja) ya nyuzi 25, ambayo inafaa sana kwa mti, ubapa wa mm 2.5 unatakiwa uwe na mteremko wenye kimo, kutoka makali hadi unapoanzia, cha mm 5.6 hivi. Ubapa wa mm 3.2 uwe na kama mm 7. Ukikuta ubapa wa mm 2.5 wenye mteremko wa mm 4 tu, pembe imeshafika nyuzi 35, na kisu hicho kitateleza juu ya mti badala ya kuuma. Kipimo hiki hakisemi kitu kama kuna mteremko wa pili mdogo pembeni kabisa mwa makali. Uangalie kwenye mwanga, utauona kama uzi unaong'aa.

Miti yetu nayo ina lake. Visu hivi vimezoea misonobari na mibetula ya kaskazini, miti laini. Ukiviingiza kwenye mgunga mkavu, au mpingo, makali membamba yanajikunja au yanamegeka vipande vidogo vinavyoonekana kama meno. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani yake, kabonati ya kalsiamu kabisa, na kimoja tu kikikutana na makali umeharibu mm kadhaa. Mtiki una silika, unamaliza makali polepole hata kama mti wenyewe si mgumu sana. Kwa vijana wanaoanza, wape mgrivilea, mwembe, mparachichi, au msonobari wa kupandwa, ukiwa mbichi. Mti mbichi unakatika kwa nguvu kidogo sana ukilinganisha na uleule ukiwa mkavu.

Kwa vijiko, usichonge kijiti cha mviringo kizima. Pasua katikati, ondoa kiini chote, chonga kutoka kwenye nusu moja. Kiini kikibaki kijiko kitapata ufa kikikauka, haijalishi umekichonga vizuri kiasi gani. Na ujue mapema kwamba kisu kilichonyooka hakiwezi kukomba tundu la kijiko. Tafuta kisu kilichopinda, Mora wanacho namba 164, au mhunzi wako akufulie tezo ndogo.

Jambo moja la usalama kuhusu miti: vijana wasiguse minyaa. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kwa macho, na kisu kilichoukata kikitumika kwenye chakula ni shida nyingine.

Jibu langu: Companion, au ile inayoitwa Companion Heavy Duty yenye mm 3.2 kama unaogopa wembamba.

---

Msuka na Mpini

Nakubaliana na Seremala kwenye unene, ila swali la kuvunjika halijajibiwa, na ni swali zuri.

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Kwenye Companion ni mwembamba kuliko ubapa na haufiki mwisho. Kwa kuchonga, kukata na kutoa maranda hautavunjika, kwa sababu nguvu ya mkono peke yake haifiki kiwango hicho. Unavunjika kwa mambo mawili: kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu bila utaratibu, na kukipindisha kisu kilichokwama kwa kukitumia kama mtaimbo. La pili ndilo baya zaidi, na linavunja hata visu vya bei kubwa, hasa kwenye ncha.

Kupasua kwa kugonga kuna utaratibu wake. Chagua kipande kilichonyooka kisicho na kifundo, kimo kisizidi sm 25. Unene wake uache angalau sm 3 za ncha nje upande wa pili, kwa sababu hapo ndipo utagonga baada ya ubapa kuzama. Kwa ubapa wa sm 10, usizidi mti wa sm 6 au 7. Kisimamishe juu ya gogo, kamwe si juu ya jiwe wala udongo, maana kisu kikitoka chini kinakutana na hicho kitu. Gonga kwa gongo la mti lenye unene wa sm 5 hivi, kamwe si kwa nyundo wala jiwe wala kisigino cha shoka. Pigo la kwanza liwe katikati ya mgongo. Yanayofuata yawe kwenye ncha, huku mkono wa mpini ukisukuma chini kwa nguvu ileile ili ubapa ubaki sambamba na ardhi. Mpini ukiruhusiwa kupanda juu, kila pigo la ncha linaukunja msuka pale unapoingia kwenye mpini, na hapo ndipo panapokatika.

Kikikwama kwenye kifundo, acha. Chonga kabari ndogo ya mti, iingize kwenye ufa ulioanza, igonge hadi kisu kitoke chenyewe. Hakuna kukitikisa kulia na kushoto.

Anayetaka chuma kilichopita mpini wote bila kuingia kwenye mzigo wa mm 6 aangalie Mora Garberg: mm 3.2, ubapa karibu sm 11. Kisu kizuri, lakini bei yake ni mara kadhaa ya Companion. Kwa kuwa shoka mnalo, mimi sioni sababu. Kuni zenye unene wa kifundo cha mkono zipasueni kwa shoka, kisu kimalizie vijiti.

Angalia zaidi mpini kuliko msuka. Vijana wa miaka 14 wana viganja vidogo. Mpini wa sm 10 hadi 12, mzunguko wa sm 8 au 9 sehemu nene, umbo la yai ukiukata kukingama, bila mifereji ya vidole. Mifereji inalazimisha mshiko mmoja, na kuchonga kijiko kunahitaji kubadilisha mshiko kila mara: kusukuma kwa gumba, kuvuta kuelekea kifuani, kushika karibu na ubapa. Lakini kwa wanaoanza kuwe na kizuizi kidogo mbele ya kidole cha shahada. Mkono uliolowa ukiteleza kwenda kwenye makali, hicho ndicho kitakachouzuia.

---

Pwani_Kavu

Kuhusu chuma, kwa ukungu wa Usambara na kwa vijana: stenlesi. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinatoa cheche za moto vizuri, ila kinataka mtu wa kukifuta kila kinapotumika. Kikikaa usiku mmoja kwenye ala kikiwa na maji ya embe au ya ndimu, asubuhi utakuta madoa, na kutu ikianza kuchimba pale kwenye makali umepoteza makali. Stenlesi kama 12C27 ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi na kromiamu 13 na nusu. Inanoleka kwa jiwe la kawaida na haitaki matunzo makubwa. Si kweli kwamba stenlesi zote hazinoleki. Zile laini za jikoni za bei rahisi ndizo zinazowapa watu imani hiyo.

Kama mtachukua kaboni, ipeni kwanza ngozi, yaani rangi ya juu ya kuikinga. Osha kwa sabuni uondoe mafuta yote, tumbukiza ubapa kwenye siki ya moto dakika 20 hadi 30, toa, suuza kwa maji yenye magadi, kausha. Utageuka kijivu cheusi, na rangi hiyo inachelewesha kutu. Haizuii kabisa. Baada ya hapo futa kila mara na upake mafuta kidogo; kwa kuwa kinakata chakula, tumia mafuta ya nazi na uyarudie mara kwa mara.

Ala: ya plastiki yenye tundu la kutolea maji chini. Ala ya ngozi inapendeza lakini ikilowa inachukua siku kukauka, na muda wote huo kisu kimefungiwa kwenye unyevu. Ukiwa na ya ngozi, usilaze kisu ndani yake nyumbani. Kiweke nje kikavu.

Jaribu ala kabla hujalipa. Igeuze juu chini uitikise kwa nguvu. Kisu kikitoka, usinunue, hasa kwa vijana wanaoruka vijito.

---

Nyundo na Fuawe

Wakuu, msimwache mhunzi. Chuma cha springi ya gari ni chuma kizuri cha kisu, kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika, na kwa bajeti ya laki na nusu atapata kisu kilichopita mpini wote chenye vipimo vyake mwenyewe. Tatizo ni kwamba wahunzi wengi wamezoea panga na jembe, ambavyo havihitaji makali ya kuchongea, kwa hiyo usipomwambia ataacha chuma laini na kinene. Mwambie haya.

Springi iwe kipande kipya au kilichokatwa kwenye springi isiyovunjika. Springi iliyovunjikia barabarani mara nyingi ina nyufa ndogo ambazo huzioni, zitafunguka wakati wa kuzamishwa kwenye mafuta. Chuma hicho huja na mm 6 hadi 8 au zaidi, lazima kifuliwe au kusagwa hadi mm 3 au 3.5 kwenye mgongo. Hapa ndipo wengi wanaishia njiani kwa sababu kusaga ni kazi ndefu. Ukikabidhiwa kisu cha mm 5, kirudishe.

Kabla ya kukipasha, makali yaachwe na unene wa kati ya nusu mm na mm 0.8. Yakiwa tayari membamba kama wembe yatajikunja au kupasuka. Apashe ubapa sawasawa hadi sumaku isishike tena, kama nyuzi joto 770, apandishe joto kidogo zaidi ya hapo, kisha azamishe kwenye mafuta ya mimea yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ncha ikitangulia, akisogeza mbele na nyuma. Asisogeze kushoto na kulia, maana utapinda. Na asitumie maji. Maji yanapoza haraka mno kwa chuma hiki, na mlio mdogo wa "tin" ukiusikia ndani ya ndoo ujue ufa umeshapita.

Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimeshika. Ikiuma, joto halikutosha na kazi irudiwe. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa sana: chuma kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu lakini kinamegeka, lazima kipashwe tena taratibu. Kwenye oveni ya kuokea, nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Uso uliosafishwa kwa msasa utageuka rangi ya majani makavu. Ukifika bluu umepita. Hiyo ni hali ya springi, itapinda na kurudi vizuri lakini makali hayatadumu kwenye mti.

Baada ya hapo usagaji wote ufanyike na ndoo ya maji pembeni. Kila ubapa ukichoma vidole, uingie majini. Ukiona alama ya bluu kwenye makali baada ya grainda, sehemu hiyo imelainika, na kunoa hakutairudisha. Itabidi uisage hadi uitoe yote.

Kipimo cha mwisho ukienda kukichukua: laza makali juu ya fimbo ya shaba njano yenye unene wa mm 6, ukibonyeza kwa pembe ya kunolea, usogeze polepole huku ukitazama kwenye mwanga. Makali yakijikunja kidogo kwa kubonyea juu ya shaba kisha yakarudi, ni sawa. Yakibaki yamekunjika, ni laini. Yakimegeka, ni magumu mno, arudie oveni kwa nyuzi 220.

Mpini uwe wa mninga. Hauvimbi wala kusinyaa sana ukilowa na kukauka, na unachongeka vizuri. Vipande viwili vya mti, gundi ya epoksi, na pini mbili au tatu za shaba za mm 5. Gundi peke yake haitoshi. Mgongo wa ubapa uachwe na kona kali za nyuzi 90, usizungushwe. Hiyo ndiyo sehemu ya kukwangulia kijiti cha cheche (kile cha kuwashia moto), ili makali yasiguswe kwa kazi hiyo. Companion ya kawaida mgongo wake haukwangui cheche vizuri, lakini unaweza kuunyoosha kwa tupa, sm 4 tu kuanzia ncha zinatosha.

---

SkautiLushoto

Wakuu nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilivyotarajia. Naona nichukue Companion ya stenlesi moja kwa sasa, na ya pili nimpe mhunzi vipimo vya Nyundo na Fuawe, tulinganishe.

Maswali matatu ya mwisho. Kunoa tunafanyaje kambini, maana tuna jiwe moja tu la pande mbili, 400 (upande wenye chembe kubwa) na 1000 (upande laini)? Na kwa kuwa ni vijana, mna kanuni gani za kukaa na kisu? Halafu vigingi, kuna vipimo mnavyotumia? Vyetu vinapasuka kichwani vikigongwa.

---

Seremala wa Mninga

Jiwe hilo linatosha. Loweka dakika 10, liweke juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze. Laza mteremko wote kwenye jiwe: bonyeza kwa vidole viwili juu ya mteremko wenyewe, siyo juu ya mgongo, hadi uone maji yanasukumwa mbele ya makali. Hapo umepata pembe, usiibadilishe. Sukuma kuanzia kwenye mpini kuelekea ncha, ukiinua mpini kidogo unapofika kwenye mkunjo wa ncha, la sivyo ncha itabaki butu. Upande mmoja hadi usikie kwa ncha ya kidole kijiuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili, urefu wote wa makali. Pasipo kijiuzi bado hujafika, hata kama panang'aa. Kisha upande wa pili vivyo hivyo. Kama ulianzia 400, hamia 1000; kama ulianzia 1000, baki hapo hapo. Punguza nguvu, badilisha upande kila msuguo hadi kijiuzi kiishe. Malizia kwa mkanda wa ngozi uliogundishwa kwenye ubao, ukivuta kwa kurudi nyuma tu, mara 20 kila upande.

Upande wa 400 utumike pale tu makali yamemegeka. Makosa ya vijana wengi ni kuanzia huko kila mara, na kisu kinaisha.

Kwa ajili ya miti migumu, ukishamaliza, inua mgongo kidogo sana, kama unene wa sarafu mbili, upitishe misuguo mitatu myepesi kila upande kwenye 1000. Unapata ukingo mdogo usioonekana vizuri kwa macho lakini makali hayamegeki tena kwenye mgunga. Ukitaka kurudi kwenye kazi laini, unausaga wote ukilaza mteremko.

Vigingi: kijiti kibichi kilichonyooka, unene sm 2.5 hadi 3, urefu sm 30. Kwenye udongo wa msituni uliolegea na kulowa ongeza hadi 40. Kichwa ndicho kinachowasumbua. Kabla ya kitu kingine, kata ukingo wa juu kwa mshazari kuzunguka pande zote, mm 4 au 5, kiwe kama kuba ndogo. Pigo la gongo litatua katikati badala ya pembeni, na mti hautachanika. Ncha ichongwe kwa pande nne, kisha ikatwe mm 3 za mwisho isiwe kali mno, maana ncha nyembamba inajikunja kwenye jiwe. Pengo la kamba liwe sm 5 chini ya kichwa: kata mstari mmoja kukingama, kina kisizidi theluthi ya unene, halafu anzia sm 2 chini yake ukikata kwa mshazari kupanda hadi kwenye mstari. Kamba itajivuta juu na kugota pale. Pengo likiwa chini ya sm 4 kutoka kichwani, kichwa kitang'oka.

Na kuhusu vijiti vyenyewe: Magamba ni hifadhi ya msitu wa asili, msikate humo. Wakulima wa chini huko hupogoa migrivilea na mikaratusi mashambani, waombeni matawi, ndiyo vigingi bora kabisa. Ukija kuwapeleka Kilimanjaro, moto wa kuni hauruhusiwi huko, kwa hiyo kisu kitabaki cha chakula na kamba.

---

Msuka na Mpini

Kanuni za vijana, hizi tatu ndizo zinazookoa watu.

Kabla ya kuchomoa kisu, kijana anyooshe mkono ulioshika kisu kikiwa ndani ya ala, azunguke mbele, pembeni na nyuma. Kama kuna mtu anayefikiwa, mmoja ahame. Akikaa, asichonge kati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita upande wa ndani wa paja, na kisu kikiteleza hapo damu inatoka kwa kasi ambayo kambi haiwezi kuizuia kirahisi. Aweke viwiko juu ya magoti, ainame mbele, achonge nje ya magoti, au ageuze kiwiliwili akate pembeni mwa mguu, juu ya gogo. Kisu kikidondoka, kiachwe kidondoke, mkono usikifuate.

Kumpa mwenzako: kwanza kirudi kwenye ala, kisha mpe. Na kisu butu kisitumike kabisa, maana kinataka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo inayokitelezesha.

Kwenye basi kikae ndani ya begi la mizigo, si kiunoni. Ukisafiri kwa ndege kiingie kwenye mzigo wa kupakiwa chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi kitachukuliwa.

---

Nyundo na Fuawe

SkautiLushoto, ukienda kwa mhunzi nenda na umbo lililokatwa kwenye kadibodi, ukubwa kamili, mpini pamoja na ubapa. Andika juu yake: mgongo mm 3.2, ubapa sm 10, upana sm 2.4, mteremko mm 7 kila upande, mashimo ya pini mm 5 yatobolewe kabla ya kupasha. Hilo la mashimo mhunzi akilisahau, keekee haitaingia tena kwenye chuma kilichokwisha kukomaa, itabidi alainishe msuka peke yake kwa kuupasha hadi bluu huku ubapa umefungwa kwenye kitambaa kilicholowa.